Anza na Saa, Picha Itafuata: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kusimba Video Mubashara

Wengi wanaoingia katika kazi ya kusimba video mubashara, yaani kuibana picha ili iweze kurushwa papo hapo, huanza kwa kuuliza habari za kodeki, ambazo ni mbinu za kubana na kufungua video: watumie H.264 au HEVC, na je, wakati wa AV1 umeshafika? Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Kwa jinsi nilivyoiona kazi hii, hitilafu nyingi zinazoharibu matangazo yakiwa hewani hazisababishwi na kodeki iliyochaguliwa bali na muda: saa mbili zisizoafikiana, fremu iliyochelewa kufika, au vipande vya video vilivyokatwa mahali pasipolingana. Kwa hiyo nitaieleza kazi hii kwa kuufuata muda.

Picha ya mistari 1080 yenye fremu 50 kwa sekunde husafiri ndani ya studio, kwenye kebo ya SDI inayobeba video isiyobanwa, kwa kasi ya gigabiti 2.97 kwa sekunde. Mtazamaji wa intaneti hupokea picha hiyo hiyo kwa megabiti chache tu, mara nyingi kati ya 5 na 8 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba enkoda, yaani mashine au programu inayosimba, hutupa sehemu kubwa mno ya kile ilichopewa, na ustadi wake wote umo katika kuchagua cha kutupa. Kwanza taarifa za rangi hupunguzwa, kwa kuwa jicho hutambua tofauti za mwanga vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi. Kisha kila fremu hulinganishwa na jirani zake, na kinachoandikwa ni tofauti pekee. Mwisho, maelezo madogo ambayo hayatarajiwi kuonekana hukadiriwa kwa ukali unaotegemea idadi ya biti zilizopo.

Fremu hizo huwa za aina tatu. Fremu ya I hujitosheleza, yaani inaweza kufunguliwa bila msaada wa nyingine. Fremu ya P huegemea iliyotangulia, na fremu ya B hukopa kutoka pande zote mbili, nyuma na mbele. Hapo ndipo muda unapoanza kudai haki yake, kwa sababu fremu ya B haiwezi kusimbwa kabla ya fremu ya baadaye kufika, na hivyo mpangilio wa kutuma hutofautiana na mpangilio wa kuonyesha. Ndiyo maana kila fremu inaweza kubeba mihuri miwili ya muda: mmoja unaosema ifunguliwe lini na mwingine unaosema ionyeshwe lini. Jifunze kuisoma mihuri hiyo mapema; itakufaa kuliko orodha ya mipangilio ya ubora utakayoikariri.

Anayesimba filamu anaweza kuipitia mara mbili, akajua mahali pagumu palipo kabla ya kugawa biti. Sisi hatuna nafasi hiyo. Kwa fremu 50 kwa sekunde, fremu mpya huingia kila baada ya milisekunde 20, na ingawa enkoda inaweza kushughulikia fremu kadhaa kwa pamoja, ni lazima kwa wastani itoe moja kila baada ya muda huo huo. Inaweza kuangalia mbele kidogo kwa kuzizuia fremu kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, lakini hilo hulipiwa kwa ucheleweshaji: kuangalia fremu 40 mbele, kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, ni kuchelewa sekunde 1.6 kabla hata biti moja haijaondoka. Kwa hiyo unapochagua kiwango cha juhudi cha enkoda, yaani wingi wa hesabu inazofanya kwa kila fremu, usikipime kwa picha ya msomaji wa habari aliyetulia kwenye kiti. Kipime kwa maji yanayorushwa, umati wa uwanjani, taa zinazomulika na karatasi za rangi zinazomwagwa jukwaani, kwa kuwa hapo ndipo kichakata huelemewa. Binafsi siiachi seva ipite theluthi mbili za uwezo wake kwenye picha ngumu. Wahasibu hawakipendi kiwango hicho, nami siwalaumu.

Ugawaji wa biti hutofautiana kulingana na njia ya kufikisha. Kwenye setilaiti au mnara wa televisheni, uwezo wa mkondo ni mmoja na hautanuki, hivyo chaneli kadhaa huugawana: yenye picha ngumu kwa wakati huo hupewa zaidi, na yenye picha nyepesi hupunguziwa, kisha nafasi inayobaki hujazwa pakiti tupu ili jumla isibadilike. Ndani ya mkondo huo, unaofungwa kwa muundo wa MPEG-TS wenye pakiti za baiti 188, hutumwa pia alama za saa inayopiga kwa megahezi 27, na king'amuzi cha nyumbani hurekebisha saa yake kwa kuzifuata. Alama hizo zikifika kwa kusuasua, picha hukwama au rangi huyumba hata kama kila fremu imesimbwa vizuri. Utakapoambiwa kwamba picha ni mbaya, kagua kwanza mwenendo wa alama hizo kabla ya kuongeza biti.

Kwenye intaneti hakuna mkondo mmoja. Kuna ngazi ya viwango, kutoka picha ndogo ya kilobiti mia kadhaa hadi ile kubwa, na pleya ya mtazamaji, yaani programu inayomchezea video, hupanda na kushuka kulingana na hali ya mtandao wake. Kila kiwango hukatwa vipande ambavyo hupakuliwa kama faili za kawaida za wavuti. Mifumo miwili ya kufikisha video hufanya hivyo: HLS ya Apple ilianza mwaka 2009, na DASH ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo wageni hujikwaa zaidi. Pleya inaweza kuhama kutoka kiwango kimoja kwenda kingine mahali ambapo fremu ya I imeanza upya bila kuegemea chochote cha nyuma. Ikiwa fremu hizo hazikuwekwa katika dakika, sekunde na fremu ile ile kwenye viwango vyote, uhamaji hurukisha picha, huirudia, au huisimamisha kabisa. Enkoda nyingi hupenda kuweka fremu ya I kila mandhari inapobadilika, jambo ambalo ni zuri kwa faili, lakini mabadiliko hayo yanaweza kutambuliwa tofauti kwenye picha kubwa na kwenye ile ndogo. Weka umbali usiobadilika kati ya fremu za I, na ukiruhusu fremu za ziada za mandhari, hakikisha hazisogezi zile za mipaka.

Umbali wenyewe uchague kwa hesabu. Sekunde 2 ni desturi, na kwa fremu 25 kwa sekunde hutoa fremu 50 kamili. Lakini sauti iliyobanwa kwa kodeki ya AAC hufungwa katika mafungu ya sampuli 1024, na sekunde 2 za sauti yenye sampuli 48,000 kwa sekunde hutoa mafungu 93.75, yaani mpaka wa sauti haulingani na wa picha, na vipande vya sauti vitapishana kwa urefu. Pleya nyingi huvumilia hilo. Ukichagua sekunde 1.92, hata hivyo, unapata fremu 48 na mafungu 90 bila salio lolote, na vipande vya sekunde 3.84 huendelea kulingana milele. Kwa mifumo ya fremu 29.97 kwa sekunde, kumbuka kwamba namba halisi ni 30,000 ikigawanywa kwa 1001. Anayeandika 30 mahali hapo, huku mihuri ikihesabiwa kwa idadi ya fremu, atajikuta na sauti na picha zilizoachana kwa takriban sekunde 3.6 kila saa.

Kuhusu ucheleweshaji, usiahidi chochote kabla ya kujumlisha. Kwa kawaida pleya ya HLS huanza vipande vitatu nyuma ya ukingo wa matangazo, yaani kipande kipya kabisa kilichopo; kwa vipande vya sekunde 6, hizo tayari ni sekunde 18, na bado hujaongeza enkoda, seva wala mtandao wa usambazaji. Kufupisha vipande husaidia, lakini huongeza maombi kwa seva, na fremu za I zikikaribiana hula biti ambazo zingeboresha picha. Njia mpya hutuma kipande kwa sehemu ndogo kabla hakijakamilika, na hushusha muda hadi sekunde chache, ila bafa ya mtazamaji huwa nyembamba na kila mtikisiko wa mtandao huonekana. Muulize mteja kama kweli anahitaji hivyo. Mara nyingi anachohitaji ni matangazo yasiyokatika.

Upande wa kuingia, yaani kutoka uwanjani hadi kituoni, itifaki ya SRT, yaani kanuni za kusafirisha video kwenye intaneti isiyotabirika, imekuwa chaguo la wengi tangu msimbo wake ulipofunguliwa kwa umma mwaka 2017. Hutuma upya pakiti zilizopotea, lakini ndani ya muda uliouruhusu tu. Usipoubadilisha, muda huo ni milisekunde 120. Ikiwa safari ya pakiti ya kwenda na kurudi huchukua milisekunde 150, ombi la kutuma upya halitajibiwa kwa wakati hata mara moja. Anza na mara nne ya safari hiyo, kisha punguza kwa kupima. Na usibane picha kupita kiasi kwenye hatua hii, kwa kuwa itasimbwa tena kituoni, na kasoro za awali zitasimbwa kana kwamba ni sehemu ya picha.

Picha za mistari pishani, ambazo hutuma mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu na bado zipo kwenye chaneli nyingi, zigeuzwe kuwa fremu kamili kabla ya kupunguzwa ukubwa, na ziwe 50 kwa sekunde badala ya 25 pale palipo na michezo. Maandishi yanayotembea chini ya skrini ndiyo kipimo chepesi: kingo zake zikiwa na meno kama ya kitana, ugeuzaji haukufanyika.

Enkoda ya akiba isiwe tu mashine ya pili iliyowashwa. Mbili hizo zipewe saa moja ya marejeo, na mihuri pamoja na namba za vipande vitokane na saa hiyo, siyo na wakati kila moja ilipowashwa. Vinginevyo pleya itakapohamishiwa ya pili itakutana na kipande isichokitambua. Halafu uache mfumo ufanye kazi kwa zaidi ya saa 27 kabla ya kuukabidhi. Mihuri ya muda katika MPEG-TS ni namba ya biti 33 inayohesabu mara 90,000 kwa sekunde, nayo hujaa na kurudi sifuri baada ya takriban saa 26.5. Majaribio ya mchana mmoja hayafiki hapo, na programu isiyojua kuvuka mpaka huo itasimama siku ya pili ya tukio, hali mafundi wote wakiamini kwamba kila kitu kilishakaguliwa.