Slaidi haikushika rangi: je, kirusi hakipo?

Mdogo wangu wa Tanga, umeuliza: uvimbe wa taya la mtoto, limfoma ya Burkitt (saratani ya seli za limfu), umepaka kingamwili cha kutafuta LMP1, protini ya kirusi cha Epstein-Barr, na slaidi haikushika rangi, je, uandike kwamba kirusi hicho hakipo?

Usiandike hivyo. Seli za Burkitt, hata zikiwa na kirusi hicho, kwa kawaida hutengeneza protini yake moja tu, EBNA1. LMP1 huwa imezimwa. Umepiga hodi chumba kisicho na mtu, na mwenyewe yuko cha pili. Omba kipimo cha EBER, kinachotafuta RNA ya kirusi ndani ya kiini cha seli. Hicho ndicho cha kutegemea. Kama hapo kwenu hakifanyiki, tuma bloku ya nta yenye tishu ya mgonjwa kwenye maabara inayokifanya.

LMP1 itakufaa zaidi kwa limfoma ya Hodgkin, saratani nyingine ya limfu. Humo utaona zile seli kubwa za saratani, za Reed-Sternberg, viini kama macho ya bundi, zimeshika kahawia (ndiyo alama kwamba LMP1 ipo) kwenye utando na saitoplazimu, huku limfosaiti ndogo zinazozizunguka zikibaki na buluu yao.

Halafu, hukusema kama uliweka slaidi ya kontroli. (Nakushuku!) Chukua tishu ya Hodgkin inayojulikana ina kirusi, uipitishe pamoja na ya mgonjwa. Nayo ikitoka buluu tupu, kosa ni la kazi: pengine hukuichemsha vya kutosha kwenye bafa, ule mchanganyiko wa kuiandaa tishu ipokee kingamwili, au kipande kililala kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, wiki nzima kikisubiri basi la kutoka Lushoto.