Msikilize mtu kabla hujanunua kiti

Maswali ya wasomaji: kompyuta, mgongo, macho na mikono kazini

SWALI: Assalaam alaykum Mama. Mie nipo Chake Chake, ofisini kwetu tupo watu kumi na moja na sote kutwa tuko kwenye kompyuta. Mwezi uliopita wawili waliomba ruhusa kwa ajili ya mgongo, mwengine anasema mkono unakufa ganzi. Sasa bosi kaniita kanambia "wewe ndo utakagua meza za wafanyakazi, uniletee ripoti na bei za viti". Mie mtu wa masjala tu, sijasomea mambo haya. Nianzie wapi? Na kweli viti vipya vitamaliza tatizo?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hizo bei za viti ziweke pembeni kwanza, nakuomba sana. Nimeshaona ofisi zaidi ya moja zimenunua viti vya magurudumu vizuri tu, vya pesa nyingi, na baada ya miezi mitatu watu bado wanakandana shingo, kwa sababu kiti kilichaguliwa dukani na hakuna aliyekwenda kukaa na mwenye kuumwa akaona kazi yake anaifanyaje. Unachokagua ni mtu akiwa kazini. Meza na kiti vinafuata baadae.

Chukua daftari, penseli na futikamba ya fundi cherehani. Nenda kwa mwenzio mmoja, muombe ruhusa, kaa pembeni yake nusu saa na usimwambie kitu. Khasa usimwambie "kaa vizuri", maana ukishamwambia tu atanyooka kama mtoto aliyemuona maalim kaingia chuoni, na utakachoandika hapo hakina maana. Dakika kumi za mwanzo atajikaza kwa vile unamtizama, halafu simu italia, mteja ataingia, atasahau kama upo, na hapo ndo mwili wake unaanza kusema kweli.

Anza na miguu. Kuna dada mmoja nilimkagua hapa Mjini, mfupi, hafiki futi tano, meza yake ilikuwa sentimita 75 kwenda juu kama zilivyo meza nyingi za ofisi. Sasa ili mikono ifike kwenye kibodi bila kunyanyua mabega ikabidi apandishe kiti mpaka mwisho, miguu ikawa inaning'inia, akawa anaipachika kwenye chuma cha kiti kwa nyuma, na ukingo wa kiti unamkata mapajani. Jioni akirudi kwao miguu imevimba, viatu anavivulia garini. Kiti chake hakikuwa na kasoro yoyote, alichokosa ni kigoda cha kuwekea miguu, tukampelekea fundi seremala mabaki ya mbao na siku ya pili yake kigoda kipo chini ya meza. Bosi wake alikuwa tayari keshaandika hundi ya kiti kipya!

Kwa hiyo tizama hivi: viwiko viwe usawa wa meza na vikae karibu na mbavu, mabega yawe chini, kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kisipinde juu wala chini. Nyayo zikae zote kwenye sakafu au kwenye kigoda. Nyuma ya goti, baina ya mguu na ukingo wa kiti, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Na ule mbonyeo wa mgongo kwa chini upate cha kuegemea, kama kiti hakina basi taulo iliyoviringishwa inatosha kabisa, ifunge kwa kamba isiporomoke.

Skrini iwe mbali kiasi cha urefu wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Ikiwa chini sana weka rimu mbili za karatasi, sote tumeshafanya hivyo. Lakini muangalie mwenye miwani ya sehemu mbili, ile ya kuonea mbali juu na kusomea chini, huyo ukimpandishia skrini unamuumiza, maana atakuwa anatupa kichwa nyuma siku nzima ili aone kwa kipande cha chini. Yeye ishushe.

Halafu muulize kazi yake khasa ni ipi. Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Mtu anayeingiza data kutoka kwenye faili, macho yake hayako kwenye skrini muda mwingi, yako kwenye karatasi, na karatasi imelala mezani upande wa kushoto, basi shingo inakwenda kushoto na chini, inarudi, inakwenda tena, mara mamia kwa siku. Ukiuliza anakwambia "nimelala vibaya". Kaka mmoja alikuwa anakwenda kukandwa kila Ijumaa kwa shingo ya upande mmoja, na faili lake lipo pale pale kila nilipokwenda. Unakumbuka chuoni, juzuu au msahafu unawekwa juu ya marfaa, kitabu kinapanda kumfuata msomaji, msomaji haendi chini kukifuata kitabu? Wazee walilijua hili zamani. Mwambie seremala akutengenezee kibao cha kusimamishia karatasi kwa mfano huo, kikae baina ya kibodi na skrini au ubavuni mwa skrini, kwa urefu ule ule wa skrini. Ni kitu rahisi na kwa watu wa masjala kama wewe naona kinasaidia kushinda kiti chochote.

Mwanga nao una mambo yake. Zima skrini, itizame ilivyo nyeusi kama unajitizama kwenye kioo. Ukiona dirisha au taa ndani yake, ujue mwenye meza anapigana na mng'aro huo siku nzima, na mtu akipigana na mng'aro anajipinda bila kujua. Usimkalishe mtu akalipa dirisha mgongo wala akalitizama uso kwa uso, dirisha liwe ubavuni. Na urudi kukagua jioni! Meza ambayo asubuhi haina tatizo, baada ya alasiri jua linaingia kwa dirisha la magharibi, nyumba za Mji Mkongwe zinazoelekea baharini ndo zilivyo, na waliozijenga waliziwekea madirisha ya mbao ya kufunga, tatizo sasa tunayaacha wazi kutwa.

Nyaya zipitishe ukutani zisikatize njia, na birika la umeme lisiwe kwenye ekstensheni moja na kompyuta tatu. Kina dada wanaokalia viti vya magurudumu waangalie mapindo ya mabaibui yasinaswe na magurudumu.

Ripoti yako iwe fupi: meza ya nani, tarehe, umeona nini, kitarekebishwa nini, na nani, lini. Kisha baada ya wiki mbili rudi kwa kila mmoja umuulize, kwa sababu mwengine utamrekebishia hapa akaanza kuumwa pale. Uingereza wana kanuni zao za mwaka 1992 zinazomtaka mwajiri akague sehemu ya kazi ya kila mtumiaji wa kompyuta, na ukaguzi unarudiwa akija mtu mpya, ikihamishwa meza, au mtu akilalamika kuumwa. Kanuni hizo ni za kwao, ila utaratibu unafaa popote, uchukue. Na sie Zanzibar tuna sheria yetu ya usalama na afya kazini tokea 2005, kwa hiyo bosi wako akiuliza kwa nini ofisi ishughulike na migongo ya watu, mwambie ni wajibu wake mwajiri kulinda afya ya anayemfanyia kazi. Viti utaviandika mwisho, kwa wale tu ambao umeona kweli kiti ndo kinachowaumiza.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nafanya kazi za kutafsiri kwa laptopu nyumbani Wete, meza ya kazi sina, nakaa kitandani. Shingo inaniua. Nifanyeje na pesa sina?

JIBU: Marahaba mwanangu. Laptopu ina tatizo la kuzaliwa nalo, skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka mikono pazuri shingo inainama, ukinyanyua skrini mikono inapaa. Dawa yake ni kuvitenganisha. Tafuta kibodi ya nje na mausi, hata za mtumba, laptopu ipandishe juu ya vitabu au boksi mpaka usawa wa macho. Kitandani toka, kaa meza ya kulia chakula. Mpaka upate kibodi, fanya kazi vipande vifupi vifupi na usimame kila nusu saa.

SWALI: Nina biashara yangu Mlandege, vijana wanne wapo kwenye kompyuta kwa stoo na mahesabu. Wanasema macho yanawawasha wanataka mapumziko kila saa, tena mmoja anataka nimlipie miwani. Mie naona ni uvivu. Nakosea?

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuuliza wazi, na jawabu ndio, hapo unakosea. Mtu akikodolea skrini anapepesa macho mara chache kuliko kawaida, chozi linakauka, jicho linawasha na kuwa jekundu. Ongeza feni au eisii inayompulizia usoni, mambo yanazidi. Kabla ya yote angalia feni yako inapuliza wapi, igeuze.

Kuhusu mapumziko, wataalamu wa Uingereza wanaosimamia afya kazini wanashauri dakika tano mpaka kumi kila saa, na wanasema hivyo ni bora kuliko dakika ishirini kila baada ya saa mbili. Lakini mapumziko hapa maana yake ni kuacha skrini, si lazima kuacha kazi. Akahesabu mzigo stoo, akapeleka risiti, akapiga simu amesimama. Wapangie kazi zichanganyike na hutopoteza kitu. Adhuhuri ikiadhiniwa mtu akenda akatawadha akasali, mwili mzima umenyooka na macho yamepumzika, usimuandikie hizo dakika kama kakuibia. Na katikati wafundishe hili: kila dakika 20 watizame kitu kilicho mbali kama mita 6, kwa sekunde 20. Mlango wa duka la jirani unatosha.

Miwani sasa. Kwanza apimwe macho, hospitali, si kujaribu jaribu miwani ya mtaani. Wenzetu wa Uingereza, mfanyakazi wa kompyuta akiomba kupimwa macho mwajiri ndo analipa, na miwani analipia pale inapohitajika kwa ajili ya skrini tu. Kwako wewe mwenye vijana wanne, gharama ya kuwapima macho wote wanne si kubwa, na kijana asiyeona vizuri anayekuandikia 8 mahali pa 3 kwenye hesabu za stoo anakugharimu zaidi. Wapeleke wote.

SWALI: Mama, nina mimba ya miezi saba, nachapa barua na majalada ofisini mwaka wa nne sasa. Usiku naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, naukung'uta ndo unarudi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Wenzangu wananambia ni upepo. Naogopa.

JIBU: Pole sana mwanangu, na usiogope. Kidole kidogo hukukitaja, na hilo ni muhimu. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba hapa kwenye kifundo cha mkono, na ndo unaohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Njia ile ikijaa maji, mshipa unabanwa na vidole hivyo ndivyo vinavyokufa ganzi, zaidi usiku kwa sababu tunalala tumekunja mikono. Mimba inajaza mwili maji, kwa hiyo wajawazito wengi yanawapata, na kwa wengi yanaondoka baada ya kujifungua. Ila mtajie dakta wako kliniki ukienda, khasa kwa vile sukari nayo inaleta hali kama hiyo na wajawazito wanatakiwa kupimwa.

Usiku vaa kishikizo cha kifundo kinachouweka mkono umenyooka, maduka ya dawa wanavyo, kisikaze. Kazini tizama ukichapa, je, kifundo umekiegemeza kwenye ukingo wa meza? Mausi iko mbali mpaka unanyoosha mkono? Isogeze karibu na kibodi, na vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vikunje, vinapindisha mkono juu bure. Sasa tumbo linakusukuma mbali na meza, basi kibodi nayo isogee ikufuate hadi ukingoni, usiifuate wewe kwa kuinama. Na muombe mkuu wako akupunguzie kuchapa mpaka likizo ya uzazi, muombe mapema.

Mie mwenyewe mkono wangu ulianza hivi hivi, nikiwa naandika rejista kwenye ofisi moja, kiti cha plastiki na meza ya juu, miaka miwili. Kazini sikuona kitu. Niligundua jikoni, siku nakamua tui vidole vikakataa kukaza, machicha yakaanguka yote. Nikanyamaza mwaka mzima baada ya hapo, na gumba langu mpaka leo halina nguvu kama la kushoto. Wewe umeuliza mwezi wa saba, uko mapema. Ukiona kikombe kinakuponyoka au gumba halina nguvu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, usingoje kujifungua. Na tui, kwa sasa akamue mwengine.