Usifunge sensa ya hewa kwenye lile tundu la nyuma!

Mkuu, shusha spana kwanza. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema manifoldi mpya ya alumini (ile inayogawa hewa kwa kila silinda) ina tundu lililozibwa kwa nyuma, karibu na silinda ya nne, na fundi kaona sensa ya joto la hewa inaingia humo "kama imezaliwa nalo". Nikaishia hapo. Mengine uliyouliza, gasketi, rangi za waya, nguvu itaongezeka kiasi gani, yasubiri. Tundu hilohilo ndilo lililonifungulisha injini.

Na yangu iliingia kama imezaliwa nalo. Ndiyo ubaya wake. Ingegoma, labda mmoja wetu angejikuna kichwa. Fundi wangu (simtaji, akipita hapa atajijua) alizungusha kwa vidole, akamalizia na spana, akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka meno yanauma: "Sensa ni sensa, hewa ni hewa." Nikacheka naye. Nikamlipa na ya soda juu.

Sasa sikiliza. Manifoldi ya zamani ilikuwa ya plastiki, na plastiki haipitishi joto kirahisi. Sensa ilikaa pale ikisoma hewa inayopita. Manifoldi ya alumini imebana na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na hedi ina maji ya moto yanayozunguka humo. Baada ya dakika ishirini barabarani, chuma chote kile kinaunguza mkono. Sensa yenye kichwa cha shaba ukiikaza ndani ya chuma cha namna hiyo haisomi hewa tena, inasoma chuma. Ni sawa na kumpima mtoto homa huku umemkalisha juu ya jiko.

Kwa gari zetu hizi zisizo na kipima hewa kwenye paipu, hilo si jambo dogo. Kompyuta inakadiria hewa iliyoingia kwa kuangalia presha ndani ya manifoldi, mzunguko wa injini na joto la hewa. Ikiambiwa hewa ni ya moto, inaamini ni nyepesi, inapunguza mafuta na kurudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche). Mimi nilikuwa nasimama kwenye foleni, skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) inaonyesha nyuzijoto 70 wakati nje ni 30. Piga hesabu kwa Kelvini (nyuzi ukijumlisha 273): 303 gawanya kwa 343. Kompyuta inadhani hewa imepungua kwa karibu asilimia 12, na mafuta yanapungua hivyohivyo. Ukiendesha kistaarabu sensa ya oksijeni (ya kwenye egzosi) inasawazisha, huoni kitu. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta nyingi zinaacha kuisikiliza sensa ya oksijeni, na hapo ndipo utajua hujui.

Dalili zangu: asubuhi gari simba, mchana kwenye foleni paka. Nikizima kwa dakika kumi na kuwasha tena, inamisi, inakohoa, kisha baada ya mwendo kidogo inatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Taa ya injini haikuwaka hata siku moja, maana 70 si namba ya ajabu. Kompyuta inalalamika ukikata waya kabisa (skana itakuonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri na msimbo wa hitilafu P0113), lakini ukiidanganya kwa adabu inakuamini. Basi nikabadilisha plagi. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Nozeli zikasafishwa. Sensa ya oksijeni mpya. Mke wangu akaanza kuniuliza kama fundi ana binti.

Sasa hapo bado nilikuwa sijafanya kosa lenyewe. Hilo la tundu lilikula hela ndogo ndogo. Kosa kubwa nililifanya siku nilipogundua kuwa shida ni sensa, nikawa mjanja.

Kuna bingwa mmoja wa mitandaoni, wale wanaoandika kwa herufi kubwa, aliniambia nisihangaike kuhamisha kitu. "Ng'oa sensa, weka rizista ya ohmu 2,500, kompyuta itaona nyuzi 20 maisha yote." Yaani kipande kidogo chenye upinzani wa umeme (ohmu ndizo kipimo chake) usiobadilika. Kihesabu hakukosea. Sensa hizi upinzani wake unashuka joto likipanda: nyingi zinakaa kati ya ohmu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na karibu 300 tu kwenye nyuzi 80. Rizista ya shilingi mbili, dakika tano za kazi. Na gari ikapata nguvu! Simba asubuhi, simba mchana, simba usiku. Wiki mbili nilikuwa nawashauri watu humu kwa majigambo, na kama kuna aliyenisikiliza namwomba radhi.

Injini yangu ina turbo. Turbo ikikandamiza hewa inaipasha, na intakula (kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini) inapoza sehemu tu ya joto hilo. Siku ya jua kali, gari imejaa watu na mizigo, mlima mrefu, mimi nimekanyaga. Hewa inayoingia kwenye silinda ni ya moto kweli safari hii, na kompyuta ingepaswa kurudisha taimingi nyuma ili kuokoa pistoni. Lakini ina habari gani? Nilishaiambia ni nyuzi 20, asubuhi ya milele. Nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, niliongeza sauti ya redio, chekeni.

Kilele cha mlima sikukifika. Moshi wa bluu nyuma, kijiti cha kupimia mafuta ya injini kikasukumwa nje na presha. Kupima kompresheni, silinda ya tatu haina kitu. Kufungua, pistoni imemeguka pale kati ya ringi na ringi, na vipande vimechora ukuta wa silinda. Badala ya rizista ile ningenunua sensa mpya na raba yake, na bado ningebaki na injini.

Kwa hiyo kanuni ni moja, mwambie fundi wako hata kama atanuna: sensa ionje hewa, isionje chuma, na ionje hewa ileile inayoingia kwenye injini. Kwako wewe mwenye turbo ni kwenye paipu baada ya intakula, kabla ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga). Ukiiweka kabla ya turbo itasoma hewa ya nje na utakuwa umejenga rizista yangu kwa gharama kubwa zaidi. Asiye na turbo aiweke kwenye paipu ya hewa baada ya filta, mbali na rejeta na egzosi. Paipu ya plastiki ni bora. Kama ni ya alumini, sensa ikae ndani ya raba isiguse chuma. Chagua ile yenye kichwa kilicho wazi, chenye kikapu cha plastiki, inasoma haraka kuliko ile iliyofunikwa shaba. Lakini iwe na ohmu zinazolingana na za sensa yako ya zamani. Na paipu itolewe kwenye gari ndipo itobolewe, vumbi la keekee likiingia kwenye injini tutaanza uzi mwingine.

Waya ni mbili na sensa haina chanya wala hasi, kwa hiyo rangi zisikunyime usingizi. Zirefushe zote mbili, zichomee kwa lehemu, zifunike vizuri. Usikate ule mmoja ukaugusisha kwenye bodi eti "ni ethi tu". Urudi kwenye kompyuta kama ulivyotoka. Kama kuna mtu aliyekutengenezea programu ya kompyuta, mwambie umehamisha sensa, namba atakazoziona zitakuwa za baridi kuliko alizozoea.

Lile tundu la nyuma lizibe kwa boliti na gundi ya kushika nyuzi za boliti, ukaze mpaka fundi asiweze kulifungua akiwa peke yake. Kisha asubuhi, gari ikiwa imelala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini usome skana: joto la hewa na joto la maji yanatakiwa yakaribiane. Endesha nusu saa, simama dakika kumi, endesha tena. Namba ikishuka haraka mara tu unapoanza kutembea, umepatia. Ikigandia juu, nitumie picha kabla hujamwita bingwa yeyote.

Gasketi? Weka mpya.