Baraza la Wasomaji: Viumbe wa Angani Wenye Lafudhi ya Bunia

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Juzi nilitazama filamu ya District 9 katika kibanda kimoja cha video hapa Mbarara. Veejay, yaani mtafsiri anayesimulia filamu papo hapo, alikuwa akitutafsiria kwa Kiluganda, lakini kila mara wale viumbe wa angani walipofungua kinywa, aliacha Kiluganda na kuwasemesha Kiswahili cha Kongo, na watazamaji wakaangua kicheko. Mimi nilizaliwa Bunia, mashariki mwa Kongo, na nimekulia hapa, sikucheka. Mwenzangu alinilaumu kwamba najitafutia maneno, kwa kuwa ile ni filamu ya wadudu na bunduki tu. Je, ni kweli inawasema wahamiaji, au ni mimi niliyejiona mle? Na kama inawasema, kwa nini mtengenezaji asiwaonyeshe watu wenyewe?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, hukujitafutia maneno. Veejay huyo, pengine bila kukusudia, alifanya jambo lile lile alilolifanya mtengenezaji wa filamu, Neill Blomkamp, ila alilifanya kinyumenyume. Kabla ya filamu hii ya mwaka 2009, Blomkamp, ambaye ni mzaliwa wa Johannesburg, alitengeneza filamu fupi yenye kisa cha namna hiyo, na alipotaka kupata sauti za wenyeji wanaowalalamikia wageni wa angani, aliwauliza watu wa mji huo wanawaonaje Waafrika waliohamia kwao kutoka nchi nyingine, Wazimbabwe wakiwemo. Yeye aliyachukua maneno waliyosemwa watu akawabandika viumbe. Veejay wako ameyachukua maneno ya viumbe akawabandika watu. Kicheko kilikuja upesi kwa sababu Kiswahili hapa Uganda kimebeba mzigo wa ziada: wazee wengi bado wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi na vizuizi vya barabarani.

Kisa chenyewe hakifichi sana. Chombo kikubwa kinasimama juu ya Johannesburg mwaka 1982, abiria wake wanashushwa wakiwa dhaifu na wenye njaa, wanawekwa kambini, kambi inageuka mtaa wa mabati, na baada ya zaidi ya miaka 20 wenyeji wanataka wahamishwe mbali na mji. Jina la filamu linamrudisha mtazamaji Cape Town, kwenye mtaa wa District Six, uliotangazwa mwaka 1966 kuwa wa Wazungu peke yao na ambao zaidi ya watu 60,000 waliondolewa humo. Mei 2008, mwaka mmoja kabla filamu haijatoka, wageni walishambuliwa katika mitaa ya Afrika Kusini na watu 62 wakauawa. Hata tusi wanaloitwa viumbe hao, yaani kamba wa baharini, linatokana na mdudu mkubwa wa bustani za Johannesburg ambaye wenyeji humwita kamba ingawa hajawahi kuiona bahari.

Mtu wa Mbarara akitajiwa mwaka 1982 hukumbuka jambo jingine kabisa. Oktoba ya mwaka huo maelfu ya Wanyarwanda wa eneo hilo walifukuzwa majumbani mwao, wengine wakakimbilia mpaka wa Rwanda na wengine makambi ya wakimbizi, na miongoni mwao walikuwemo raia halali wa Uganda. Mtengenezaji hakuwa na habari zetu mawazoni, lakini istiara ikishatoka mikononi mwa mwenyewe husomwa na kila mtu kwa historia ya kwao.

Ukipata nafasi, itazame tena sehemu ambayo karani Wikus van de Merwe anapita mlango hadi mlango na karatasi za kuwahamisha, askari wakiwa nyuma yake. Kiumbe mmoja anaipiga karatasi kwa hasira, na Wikus anafurahi kwamba alama iliyobaki itahesabiwa kuwa sahihi. Kisha anafika kwa Christopher, kiumbe mwingine, ambaye anaisoma karatasi na kusema kwamba jambo hilo si halali, na hapo tabasamu la karani linapotea. Kwangu mimi sehemu hiyo ina nguvu kuliko mapigano yote yanayofuata, maana hakuna anayepiga kelele na kila kitu kinafanyika kwa fomu.

Kuhusu swali lako la mwisho, mtazamaji aliyekwisha kumhukumu Mkongo au Mzimbabwe hamtazami tena, bali kiumbe asiye na kabila wala dini anamlazimisha kuanza upya. Njia hiyo ina mtego wake, kwa kuwa ili hila ifanikiwe ni lazima kwanza kiumbe achukize, na mhamiaji aliyeketi kibandani anajikuta amefananishwa na kitu kinachopekua jalala. Baya zaidi ni kwamba filamu inayotuomba tumhurumie mgeni wa kubuni inawaonyesha Wanigeria, wageni wa kweli waliomo humo, kuwa majambazi wanaokula nyama ya viumbe kwa ushirikina. Waziri wa habari wa Nigeria wakati huo, Dora Akunyili, aliyataka majumba ya sinema nchini mwake yaache kuionyesha, na ingawa sipendi filamu kupigwa marufuku, lalamiko lake lilikuwa la haki.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Isingiro, na baadhi ya wanafunzi wangu wanatoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Je, filamu hiyo inafaa darasani?
Mwalimu, Isingiro

JIBU: Nzima nzima haifai, Mwalimu, kwa kuwa ina matusi na damu nyingi, Marekani kwenyewe aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mlezi. Chukua zile dakika chache za mlangoni pa Christopher, nawe uzitazame peke yako kwanza ili ujue mahali pa kusimamisha, kwa sababu risasi haziko mbali. Mezani uwe na nakala ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ukurasa unaozungumzia haki ya mkimbizi ya kutembea na kufanya kazi ukiwa umefunguliwa tayari, maana watoto wa Nakivale watataka kujua kama karatasi ya Wikus ingekubalika kwao.