Betri ya sola imeshuka maji: usiongeze asidi

Mkuu uliyeuliza kuhusu betri ya maji ya 100Ah ambayo sahani (bamba za risasi zilizo ndani) zimeanza kuonekana, na fundi akakushauri ununue lita moja ya asidi "uipe nguvu": usiimwage hiyo asidi humo.

Kinachopungua ndani ya betri ni maji matupu. Chaji ikizidi, umeme unayavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatokea kwenye vitundu vya vifuniko. Asidi yenyewe haiendi popote, inabaki na kuzidi ukali kadiri maji yanavyoisha. Kila ampea-saa moja ya ziada inakula karibu theluthi moja ya gramu ya maji kwa kila chemba, yaani kila chumba cha ndani chenye kifuniko chake. Betri ya volti 12 ina chemba sita, kwa hiyo ampea 5 zikiendelea kuingia kwa saa moja baada ya betri kujaa, gramu 10 zimeondoka. Ikiwa hivyo kila siku, mwisho wa mwezi una upungufu wa kama mililita 300, na hapo ndipo sahani zinapochungulia.

Ukijazia asidi, haidromita (kipimo cha uzito wa asidi ikilinganishwa na maji) itakufurahisha, na huo ndio mtego. Betri ya aina hii iliyojaa chaji husoma kati ya 1.265 na 1.280, iliyo nusu, karibu 1.20, iliyokwisha, 1.12 kushuka chini. Asidi mpya inapandisha namba papo hapo hata kama sahani zimeganda salfeti (ukoko mweupe) na hazishiki chaji. Unasoma "imejaa", usiku taa zinazima saa mbili. Isitoshe, ukali ukizidi, asidi inaanza kula fremu za sahani na vitenganishi, na uharibifu huo haurudi nyuma. Asidi huongezwa pale tu betri ilipopinduka ikamwagika, na inayoongezwa iwe na ukali uleule wa ile iliyomwagika.

Maji yawe yale yaliyokenekwa (distilled water), yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma lebo kabla ya kulipa, maana asidi nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana na za maji. Maji ya kisima na ya bomba yana kloraidi, chuma na chokaa: kloraidi inakula sahani, chuma inafanya betri ijimalize chaji yenyewe ikiwa imekaa tu. Kuyachemsha hakusaidii, mvuke unaondoka na madini yanabaki sufuriani, tena yakiwa mengi zaidi kwa kila lita. Maji ya kunywa ya chupani yana madini pia. Ya mvua yaliyopita kwenye bati, achana nayo.

Namna ya kujaza: zima chaji kwanza, ondoa waya wa hasi kabla ya wa chanya, futa vumbi juu ya betri ndipo ufungue vifuniko. Kwa kuwa sahani ziko wazi, mimina maji yazifunike tu kwa milimita 5 hivi. Usijaze. Betri ikichajiwa, ujazo wa kimiminika unaongezeka na mapovu yanakisukuma juu. Ukijaza pomoni ikiwa haina chaji, jioni utakuta asidi juu ya mfuniko na nati za kebo zimeota ukungu wa kijani. Chaji mpaka ijae, kisha ongeza hadi milimita 3 au 5 chini ya mdomo wa ndani wa tundu la kujazia. Usipime papo hapo. Maji mapya ni mepesi, yanakaa juu na asidi nzito inakaa chini mpaka mapovu ya chaji yavikoroge. Subiri chaji nzima ya siku inayofuata, iache itulie saa chache, ndipo uchovye haidromita. Chemba moja ikipishana na nyingine kwa 0.05 na haisogei hata baada ya chaji ndefu, hiyo imekufa.

Angalia pia chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Volti 14.4 ni sawa kwa joto la nyuzi 25. Chumba chenye 35 kinahitaji ishuke kwa volti 0.2 hadi 0.3, na kontrola nyingi za bei rahisi hazina kipima joto. Mara nyingi huo ndio ugonjwa wenyewe, maji ni dalili.

Sasa usalama. Ampea 5 zilezile kwa saa moja zinatoa kama lita 12 za haidrojeni, nayo inalipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Betri chini ya kitanda au ndani ya kabati lililofungwa ni hatari ya kweli. Weka upenyo juu, kwa sababu haidrojeni hupanda. Usimulike ndani ya chemba kwa kiberiti (wapo wanaofanya hivyo), na usilaze spana juu ya betri.

Vaa miwani ya kufunika macho na glavu za mpira. Asidi ikiingia jichoni, ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Usitie soda wala maziwa. Ngozi nayo ni maji mengi. Nguo ya pamba iliyorukiwa ivue na uisuuze sasa hivi, kwani asidi ikikauka inazidi ukali na utaona matundu baada ya kufua.

Asidi iliyomwagika sakafuni imalize ukali kwa soda ya kuokea au magadi, ukinyunyiza kidogo kidogo mpaka povu liishe. Paketi ndogo ya jikoni haitoshi: lita moja ya asidi ya betri inahitaji karibu gramu 800 za soda ya kuokea.

Betri ikishakufa, usiipasue utoe madini ya risasi ya kuyeyusha kwa ajili ya vizito vya nyavu. Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Iuze ikiwa nzima, imesimama wima, asidi ikiwa ndani.

Ukishapima, weka hapa namba za chemba zote sita pamoja na volti ya kontrola saa sita mchana.