Usiiachie pandas ikubahatishie faili lako

Juzi usiku binti mmoja wa Likoni aliniandikia: “Dada, faili lina kolamu tisa lakini pandas yaniletea moja tu, na ndani imejaa \t. Bosi ataka ripoti asubuhi.” Nikamwambia aongeze sep="\t" kwenye read_csv, amri ya kusomea faili ndani ya pandas, ile maktaba ya Python ya kuchambua majedwali, na muda si muda akarudi kunishukuru. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halitoshi. Kolamu zikishakaa sawa, mtu huamini kwamba faili limesomeka, na mimi niliumizwa na faili ambalo kolamu zake zilikaa sawa kabisa.

Kwa anayeanza: read_csv isipoambiwa kitu hudhani data imetenganishwa kwa koma, na faili la binti yule lilitenganishwa kwa Tab. Tab ni herufi kama herufi nyingine, namba 9 katika ASCII, ile orodha ya namba za herufi, ila kwa macho huwezi kuitofautisha na nafasi tupu. Soma mstari wa kwanza kwa Python ya kawaida kisha andika print(repr(mstari)). Penye Tab utaona \t, penye nafasi utaona nafasi. Fanya hivyo kabla ya kuigusa pandas.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Nilikuwa na mkataba na kampuni moja ya chai pale Shimanzi. Wanaoijua Mombasa wanajua uzito wa jambo hili: mnada wa chai uko hapa tangu 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, na chai inayopita kwenye maghala yetu si ya Kenya peke yake. Kila wiki ghala lilituletea faili la Tab lenye namba ya loti, jina la shamba, gredi, mifuko, kilo, na mwisho kolamu ya maelezo ambayo karani hujaza kwa mkono. Niliwaandikia programu ya kulisoma na kutoa jumla. Kazi iliyokuwa ikiwakesha makarani ikawa inaisha kabla chai ya saa nne haijapoa.

Nikaona jambo. Karani mmoja alizoea kuanza maelezo kwa alama ya nukuu bila kuifunga: "mifuko 2 imelowa. Maktaba ikikutana na alama hiyo mwanzoni mwa kisanduku, huchukua kila kinachofuata, Tab na mistari mizima, kuwa ni maelezo hayohayo mpaka ikutane na nukuu nyingine. Nukuu ya pili ikiwa iko chini sana, loti zote za katikati humezwa ndani ya kisanduku kimoja. Kosa halitokei. Kolamu ziko sawa. Jumla ya kilo ndiyo inayopungua.

Niliwaandikia barua pepe nikieleza hayo, nikaambatanisha na mstari wenyewe, nikaomba ruhusa ya kubadilisha programu kwa sababu walikuwa wameniagiza nisiiguse bila idhini. Hakuna aliyejibu. Mwisho wa mwezi hesabu zikakataa kulingana na za ghala, nikaitwa mbele ya watu nikaambiwa “hivi vitu vyako vya kompyuta” vimewatia hasara. Mkataba haukuendelea. Baadaye nilisikia kwamba programu ile bado inatumika, mtu mwingine ameongeza quoting=3, dawa ya tatizo lilelile, na jina langu limefutwa juu ya faili. Imenikaa rohoni hadi leo, wala sioni haya kusema hivyo.

Basi wewe unayetaka kula kwa kazi hii, shika hili: usiiache maktaba ikubahatishie. Soma kila kitu kama maandishi kwanza, kisha ugeuze mwenyewe, kolamu moja baada ya nyingine (pd ni kifupi cha pandas):

pd.read_csv("chai.txt", sep="\t", dtype=str, quoting=3, keep_default_na=False)

quoting=3 inaiambia pandas kwamba nukuu ni herufi tu. Itumie pale ambapo faili halitumii nukuu kufungia maelezo, angalia kwanza.

dtype=str ndiyo inayookoa sifuri za mwanzo, na hapa bandarini sifuri ni pesa. Msimbo wa chai kwenye ushuru wa forodha huanza na 0902. Msimbo 09024000 ukisomwa kama namba unabaki 9024000, na anayetazama tarakimu nne za mwanzo ataona 9024, ambayo ni mashine za kupimia ugumu wa vifaa. Kontena la chai limegeuka mashine, na wewe umekaa mezani unashangaa kwa nini wakala anapiga simu. Namba za simu nazo ni vilevile: 07 inabaki 7, na kukiwa na kisanduku kitupu kwenye kolamu hiyo, pandas inazigeuza kuwa desimali na kuzibandika .0 mwishoni.

keep_default_na=False ni kwa sababu pandas huyachukulia maandishi NA kuwa pengo. NA pia ni msimbo wa nchi ya Namibia. Mzigo wa Namibia utakosa nchi.

Tarehe usizisahau. 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini pandas isipoelezwa huisoma kama Machi nne. Mpe to_datetime format="%d/%m/%Y" ulale usingizi.

Na ukikataliwa kwa kosa linalotaja 0xff mahali pa 0, mtu amehifadhi faili kutoka Excel kama “Unicode Text”. Hilo ni UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi; ongeza encoding="utf-16" uendelee na kazi.

Vijana wangu, hamuaminiki kwa sababu mnajua pandas. Mnaaminika mkiweza kuonyesha mstari ulioleta tatizo. Hesabu mistari ya faili ghafi, hesabu iliyoingia kwenye jedwali ukikumbuka kwamba kichwa hakihesabiwi, na uziandike namba zote mbili kwenye barua pepe unayotumia ripoti. Zikitofautiana, ripoti isitoke hata bosi akisimama mlangoni. Na kila onyo unalotoa, litoe kwa maandishi, uhifadhi nakala kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa sababu ya ofisini hufungwa siku hiyohiyo unayoondoka.