Mbwa mwoga, tumbo na maziwa lala

Fataki za Diwali zikianza Parklands, mbwa wangu huingia uvunguni akitetemeka. Jirani anasema shida iko tumboni. Ni kweli? (Msomaji, Ngara)

Shida inaanzia masikioni! Ila jirani hakutunga. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walifuga panya wasio na bakteria hata mmoja tumboni. Walipobanwa wasijongee, homoni zao za mfadhaiko zilipanda kuliko za panya wa kawaida. Wenzao waliopandikizwa bakteria aitwaye Bifidobacterium infantis hawakupandisha hivyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa Cork, Ireland, pamoja na wenzao wa Kanada, waliwalisha panya bakteria mwingine, Lactobacillus rhamnosus, kwa siku 28. Woga ukapungua, hata mpangilio wa vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, ukabadilika. Kisha wakarudia kwa panya waliokatwa vagasi, neva inayounganisha tumbo na ubongo. Mara hii bakteria hawakubadilisha lolote. Hapo ndipo mimi huvua kofia: waya umekatwa, simu haiingii.

Usiku wa fataki, lakini, funga madirisha, washa redio na umwache uvunguni kwake.

Basi nimpe mbwa maziwa lala au mursik, yale ya kuchachushwa kibuyuni? (Msomaji, Umoja)

Kijiko kimoja sawa. Bakuli zima, hapana: mbwa wengi wakubwa hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na wewe ndiye utakayepiga deki usiku. Tena bakteria wa kwenye kibuyu si lazima wawe wale wa maabara. Hata ndani ya jina moja, huyu hutuliza na nduguye hafanyi lolote. Yogati yenye zailitoli, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, usiguse kabisa, hiyo ni sumu kwa mbwa.

Na probayotiki za mbwa, yaani bakteria wa kulishwa, zinazouzwa kutuliza woga? (Msomaji, Lang'ata)

Kuna jaribio la Bifidobacterium longum kwa mbwa 24 aina ya Labrador wenye wasiwasi, na wengi walitulia. Waliolifanya ni watengenezaji wenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukiwa na pesa za ziada, jaribu wiki sita. Ukiwa huna, mtembeze zaidi.

Nami nikinywa probayotiki, presha ya kazi itapungua? (Msomaji, Kayole)

Bakteria yule yule wa Cork alipewa wanaume 29 wenye afya, matokeo yakatoka 2017. Hakuishinda dawa ya kulinganishia, ile isiyo na kitu ndani.

Paka wangu anauma watu tangu aanze antibayotiki. Nizikatize? (Msomaji, South B)

Usikatize bila kumuuliza daktari wa mifugo. Paka anayeanza kuuma ghafla mara nyingi ana maumivu. Mpeleke apapaswe tumbo na kuangaliwa meno kabla hujawalaumu bakteria.